Uamuzi wa Haki kwa Watu wa Mila Mbalimbali



Nimeombwa niseme machache juu ya kiongozi wa kazi anayeamua mambo ya watu wa mila tofauti. Nianze na maneno matatu. Mswahili akisema mama, amemtaja aliyemzaa. Mgujarati akisema mama, amemtaja mjomba wake. Kaka kwetu ni ndugu wa kiume. Kwa Mgujarati ni ndugu wa kiume wa baba. Dada kwetu ni ndugu wa kike. Kwa Mgujarati ni babu mzaa baba. Sauti ni ile ile, maana si ile. Kiongozi akiamua kwa sauti tu, atadhulumu bila kujua.

Mkoa wetu wa Tanga umeishi na jambo hili kwa muda mrefu. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na baadaye mashamba yakawatafuta vibarua kutoka mbali: Wamakonde, Wanyamwezi, Waha, Warundi. Wakaitwa manamba, kwa kuwa walitambuliwa kwa namba. Namba ilitosha kumhesabu mtu, lakini haikumweleza msimamizi kwamba mtu huyo ana wazee wake, misiba yake na wajibu wake. Leo wajukuu wao wanafanya kazi pamoja na Wadigo, Wasambaa, Wabondei na Watanzania wenye asili ya India.

Tuchukue ruhusa ya msiba, maana hapo ndipo kiongozi hupimwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilitoa angalau siku 4 za likizo yenye malipo mfanyakazi anapofiwa na mtoto, mwenzi wa ndoa, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu. Mjomba hakutajwa. Lakini kwa mila ya Wadigo, ukoo na urithi vilifuata upande wa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa na kauli juu ya wapwa zake. Mambo yamebadilika, ila heshima ya mjomba haijaondoka. Nanyi ndugu zetu wa Kigujarati mnaijua heshima hiyo: katika harusi zenu mjomba huja na zawadi zake, na pasipo yeye shughuli huonekana ina pengo.

Tena liko neno baba. Mtu akifiwa na baba mdogo, husema amefiwa na baba, wala hasemi uongo. Karani akifungua jalada akaona kwamba baba wa mtu huyo alikwisha kufariki miaka miwili iliyopita, huenda akaandika kwamba mfanyakazi ni mwongo. Neno hilo likibaki katika jalada, mtu mwaminifu anaweza kupoteza kazi yake na jina lake.

Mtaniuliza: tukiruhusu kila mjomba na kila baba mdogo, nani atakata mkonge? Swali hilo ni la haki. Jani likikatwa halingoji. Hukauka kama halikufikishwa mashineni mapema. Anayemkubalia kila mtu huwatwisha mzigo wanaobaki. Anayewakubalia watu wa kabila lake au dini yake peke yao ameharibu zaidi, na sheria hiyo hiyo inakataza ubaguzi wa namna hiyo.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, kiongozi aulize kabla ya kuamua: marehemu ni nani kwako, alikulea, na mazishi ni lini na wapi? Waislamu na Wahindu hawacheleweshi maziko. Kumwambia mtu arudi kesho kwa jibu ni sawa na kumnyima. Aliyefiwa Kigoma naye, siku zake 4 huweza kwisha njiani. Pili, kanuni ikubaliwe mapema na wafanyakazi wa pande zote, iandikwe: nani ahesabiwe kuwa mzazi, siku zipi zitolewe katika likizo ya mwaka, na nani atashika zamu ya mwenzake. Tatu, kanuni hiyo imfunge meneja kama inavyomfunga mkata mkonge.

Kuijua mila ya mtu si kumpendelea. Ni kujua anachokiomba, ili jibu lako, liwe ndiyo au hapana, limkute yeye na si mtu mwingine uliyemdhania. Mtu aliyenyimwa baada ya kusikilizwa huweza kurudi kazini kwa moyo. Aliyeitwa mwongo katika msiba wake hasahau.

Nawapongeza kwa maadhimisho haya, na nawatakia heri na ujirani mwema.