Kioo cha Simu na Taa ya Dagaa
(Hotuba iliyotolewa Magu, katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Mmenitaka nijibu swali la wenzetu wenye mitumbwi katika Ghuba ya Speke: ikiwa kioo cha simu kinang'aa vile kwa betri ndogo, mbona nuru hiyo isitiwe katika taa za kuvulia dagaa?

Kioo hicho, katika simu nyingi, ni diodi za ogania, yaani tabaka nyembamba za michanganyiko ya kaboni zinazotoa nuru zipitishiwapo umeme. Mwaka 1987 Ching Tang na Steven Van Slyke wa kampuni ya Kodak, Marekani, walionyesha diodi ya namna hiyo iliyowaka kwa umeme usiofika volti 10. Hasara yake ilikuwa kubwa: katika kila jozi 4 za chaji zilizokutana ndani yake, 1 tu ndiyo iliyoweza kuzaa nuru, 3 ziliishia kuwa joto. Mwaka 1998 watafiti wa vyuo vikuu vya Princeton na Southern California walichanganya humo metali nzito, kwanza platinamu, baadaye iridiamu, na zile 3 nazo zikatoa nuru.

Nyekundu na kijani zikatulia. Buluu ndiyo iliyokaidi. Nuru yake ina nishati kubwa zaidi, na nishati hiyo hiyo huvunja molekuli zinazoitoa. Ndiyo maana katika vioo vingi vitone vya buluu hufanywa vipana kuliko vingine, ili kila sehemu ibebe umeme kidogo. Si ujanja wa kudharauliwa huo.

Adui wa pili ni unyevu. Kifuniko cha diodi hizi kinatakiwa kisipitishe zaidi ya sehemu 1 ya milioni ya gramu ya maji, kwa mita ya mraba, kwa siku. Mwambieni hayo mvuvi ambaye taa yake inaelea usiku kucha ikipigwa mawimbi!

Basi ziwani tubaki na diodi za fuwele, ambazo tayari zinachukua nafasi ya karabai. Nazo joto huzipunguzia umri: mgongo wa taa uwe wa alumini, maungio yazibwe kwa mpira. Muuzaji akisema itadumu saa 50,000, muulizeni zimehesabiwa hadi nuru ishuke kiasi gani. Wengine huhesabu hadi asilimia 70 ya nuru ya mwanzo, wengine hadi nusu, na wengine hawakuhesabu kabisa.