Safari ya Ndege toka Nairobi Hata New York



Mwezi wa Septemba mwaka 1959 wanafunzi 81, wengi wao wa Kenya, walipanda eropleni kwenda Marekani kutafuta elimu. Siku hizo safari hiyo haikuwezekana pasipo kutua njiani. Tarehe 28 Oktoba 2018 ndipo ndege za abiria zilipoanza kwenda moja kwa moja.

Toka Nairobi hata New York ni karibu kilomita 11,800, yaani zaidi ya maili 7,300. Kwenda huchukua kama saa 15, na kurudi kama saa 14. Mbona njia ni moja na saa si sawa? Sababu ni upepo. Huko juu sana upepo wenye nguvu huvuma toka magharibi kwenda mashariki; ndege iendayo hushindana nao, nayo irudiyo husukumwa.

Tena saa za miji hiyo hazilingani. Ndege ikiondoka Nairobi saa tano na nusu usiku, hufika Nairobi ikiwa saa nane na nusu mchana. Lakini New York, wakati wa baridi, ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Basi mzazi aliyemsindikiza mwanawe asiingiwe na hofu akipiga simu asubuhi bila kujibiwa. Mtoto yungali angani. Na akiisha kufika, mzazi akumbuke: asubuhi ya Nairobi ni usiku wa New York, na mwanafunzi amelala.