Tunataka Sanduku la Nyumba
Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wafanya kazi na wakaaji wa Lubumbashi



Leo hatukuleta maneno mengi. Tunataka kuongea juu ya nyumba. Mtu anafanya kazi miaka 30, anatoa shaba na kobalti inayokwenda mpaka Ulaya na Uchina, na siku anapozeeka hana hata ukuta mmoja wa kuegemea mgongo. Watu wa namna hiyo hatuhitaji kwenda mbali kuwatafuta. Wengine ni baba zetu wenyewe.

Kwa hiyo tunaomba jimbo letu la Haut-Katanga lifanye Sanduku la Nyumba. Ni feza za jimbo zinazowekwa pembeni kila mwaka, zisiguswe kwa kazi nyingine. Mtu wa mshahara mdogo anakopeshwa ajenge nyumba yake au amalize ile iliyosimama bila mabati. Anarudisha pole pole, na zile zilizorudi zinakwenda kwa jirani yake. Si zawadi, wala si sadaka.

Mwingine atasema: kompani inatoa nyumba, tunataka nini tena? Huyu tumjibu vizuri, maana neno lake ni la zamani na limewadanganya wengi.

Union Minière ilianza mwaka 1906. Kwanza ilichukua watu kwa muda mfupi na kuwarudisha kwao. Halafu, katika miaka ya 1920, ikaona kwamba mfanya kazi mwenye mke na watoto karibu naye anakaa sana na anajua kazi vizuri. Ndipo makambi yalipojengwa kwa nguvu. Tusikatae lililo kweli: nyumba zile zilikuwa na matofali, maji yalikuwa karibu, hospitali na masomo pia. Lakini kila nyumba ilikuwa na namba, haikuwa na mwenyewe. Ilikuwa nyumba ya kazi. Kazi ikiisha, funguo unarudisha.

Na angalieni nguvu iliyokuwa ndani ya ufunguo ule. Mwezi wa Desemba 1941 wafanya kazi wa Elisabethville waligoma kwa ajili ya mshahara, na askari wakawapiga risasi. Waliobaki wazima walirudi katika nyumba za nani? Za yule yule waliyegombana naye. Mtu ambaye bwana wake wa kazi ndiye bwana wa kitanda chake, atafungua kinywa mara ngapi?

Mwaka 1967 kompani ikawa ya inchi. Wengi walifurahi, wakasema sasa na nyumba ni zetu. Haikuwa hivyo, namba ilibaki mlangoni. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Miaka kumi baadaye haikufika 50,000. Tangu 2003 wafanya kazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa ule mpango ulioitwa kuondoka kwa mapenzi. Neno zuri, mapenzi! Mtu alikuwa amefanya kazi miezi mingi bila mshahara. Akionyeshwa feza kidogo atakataa? Feza zile zililipa madeni, masomo ya watoto, na matibabu. Kujenga hazikutosha.

Sasa tutazame upande mwingine, pale Katuba.

Kabla ya uhuru palikuwa na mzungu mmoja wa serikali, Ferdinand Grévisse, aliyeongoza mambo ya site ya Elisabethville. Yeye aliona kwamba kumjengea mtu kila kitu ni gharama kubwa, na kumwacha peke yake ni kumwacha katika nyumba ya udongo. Akaweka mpango wa katikati. Mkaaji alipewa lupango, akakopeshwa vifaa vya kujenga, akaonyeshwa namna, akajenga, akalipa kidogo kidogo kila mwezi. Watu waliuita kwa jina lake. Katuba ilikua kwa njia hiyo katika miaka ya 1950, na mkipita leo mtaona kuta za wakati ule zingali zimesimama, na wajukuu wamekaa ndani.

Hatumsifu mkoloni. Kazi hiyo ilifanywa ili mji upate watumishi watulivu, na mtu mweusi alitengwa na mji wa wazungu kwa eneo tupu la katikati. Ilibidi dekreti itoke mwaka 1953 ndipo mtu apate njia ya kuwa na udongo wake mwenyewe kwa sheria yao, katika inchi ya babu zake. Ofisi ya nyumba iliyowekwa mwaka 1952, ambayo wazee wanaikumbuka kwa jina la OCA, ilijenga Ruashi na mahali pengine, lakini mwenye mshahara wa chini kabisa aliona nyumba zile kwa macho tu. Mwaka 1955 wakaweka Fonds du Roi, ya kuwaongezea feza wale wasiofikia bei. Basi hata wao walijua kwamba deni peke yake halimfikishi maskini. Tunachosema ni hiki: ikiwa wageni waliweza kufanya sanduku kwa faida yao, sisi tunashindwaje kulifanya kwa faida yetu?

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme mtu anapanga nyumba kwa dola 50 kwa mwezi. Mwaka mmoja ni 600. Miaka 10 ni 6,000, na mwisho wa miaka hiyo hana hata tofali. Kabla hajaingia, aliombwa garanti. Sheria ya 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Ninyi mnajua mliyoombwa. Huyu mtu anajua kulipa, analipa kila mwezi miaka 10! Lakini akienda benki kuomba mkopo wa kujenga wanamwangalia viatu.

Kwa sababu hiyo watu wanajenga kule Annexe kwa matofali ya udongo wa kichuguu, chumba kimoja mwaka huu, kingine Mungu akipenda. Mvua ya Januari inakuja kabla ya mabati. (Na matofali yale yanachomwa kwa kuni, na pori linasogea mbali na mji kila mwaka. Hilo ni jambo lake peke yake, tutaliongea siku nyingine.)

Feza zitatoka wapi? Hapa sikilizeni vizuri, maana wengi wanafikiri tunaota.

Kodi ya migodi, ile inayolipwa juu ya madini yenyewe, iliongezwa na sheria ya 2018. Shaba inalipa franka 3 na nusu kwa kila 100, na kobalti, baada ya kuhesabiwa kati ya madini ya maana sana kwa inchi, inalipa 10 kwa 100. Na kila franka 100 za kodi hiyo zinagawanywa: 50 kwa Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini au sekta ambamo mgodi uko, 10 kwa mfuko wa vizazi vitakavyokuja. Sisi hatuombi zote. Katika zile 25 za jimbo, tunaomba 2 ziandikwe katika bajeti kwa nyumba, kila mwaka, kwa amri ya wadepite wa jimbo. Zinazobaki 23, gavana afanye barabara zake.

Sasa tufike kwa neno lililo mioyoni mwenu wote. Tumelisikia Kenya, tumelisikia Kampemba, tumelisikia hata kwa wake zetu: "Feza zitaliwa." Hatuwezi kuwakemea kwa neno hilo. Limetokana na mambo mliyoyaona. Lakini mtu aliyeibiwa kuku haachi kufuga, anatengeneza mlango.

Mlango wetu ni huu. Sanduku lisitoe feza mkononi, litoe vifaa: simenti, mabati, mbao, milango. Vifaa vitoke katika depo mbele ya watu. Kila miezi mitatu karatasi ibandikwe kwenye ukuta wa komini: fulani amepewa mifuko mingapi ya simenti, amerudisha kiasi gani. Jirani yako anajua kama nyumba yako imepanda au haikupanda. Hakuna mkaguzi mkali kupita jirani. Wanaochagua watu wa kukopeshwa wasiwe makarani peke yao, wawe na wafanya kazi na akina mama waliochaguliwa na wakaaji. Na viongozi wa chama chetu wasiwe wa kwanza kukopeshwa. Tumeliandika hili, na mkituona tumelivunja, tuiteni hapa hapa.

Na jambo la wajane. Sheria ya jamaa ya 1987 inampa mke aliyebaki haki ya kukaa katika nyumba ya marehemu mume wake. Lakini mara ngapi tumeona vyombo vya mama vikitupwa nje kabla matanga hayajaisha? Kwa hiyo nyumba ya Sanduku iandikwe majina mawili, la mume na la mke. Wanaume wengine wamenuna tuliposema hivyo. Wanune. Nani anakaanga mandazi alfajiri ili deni lilipwe?

Wenye kupangisha nyumba pia walitujia, wakasema tunawanyang'anya wapangaji. Hapana. Mji unaongezeka watu kila siku, wapangaji hawataisha. Labda bei itashuka kidogo, na hapo hatutawaomba radhi.

Ndugu zetu, wadepite hawatalifanya jambo hili kwa sababu sisi tumelisema vizuri. Wanahesabu watu. Bajeti ya jimbo inapigiwa kura kwao, na tunataka karatasi yetu iwafikie kabla ya siku hiyo, ikiwa na sahihi za watu wa komini zote saba, si za Katuba na Kenya tu. Mfanya kazi aliye na nyumba ya kompani leo atie sahihi pia, maana kontrati yake ina mwisho. Mzee wa pensheni atie, hata kama yeye hatajenga tena.

Karatasi ziko pale mezani, kwa makarani wawili, mmoja mwanaume na mmoja mwanamke. Andikeni jina, komini na kazi. Msitoe hata franka moja. Mtu akiwaomba feza kwa jina la Sanduku hili, jueni ni mwizi, mleteni kwetu. Asiyejua kuandika ataweka kidole, wino upo. Mama wenye watoto mgongoni wapite mbele.