Salamu za Mwisho kwa Timotheo

Waraka wa Pili kwa Timotheo ni mmojawapo wa nyaraka tatu za kichungaji, yaani barua za Agano Jipya zinazomwelekeza kiongozi namna ya kulitunza kanisa, na aya zake za mwisho, kuanzia sura ya 4 mstari wa 9, mara nyingi hupitwa haraka kwa sababu zimejaa majina ya watu na miji. Hiyo ni hasara kubwa, kwa kuwa ndimo mtume Paulo anamoonekana akiwa mfungwa mwenye mahitaji ya kawaida: anaagiza joho aliloliacha kwa Karpo huko Troa, pamoja na vitabu, hasa vile vya ngozi za wanyama zilizotengenezwa ili ziandikwe, tena anamsihi Timotheo afike kabla ya majira ya baridi, wakati ambapo vyombo vingi vya Bahari ya Mediterania vilikuwa havisafiri.

Dema amemwacha, Trofimo amebaki Mileto akiwa mgonjwa, na Luka peke yake ndiye aliye naye. Lakini linalogusa zaidi ni agizo la kumleta Marko, yule yule ambaye, kwa mujibu wa Matendo ya Mitume sura ya 15, Paulo alikataa kusafiri naye hata akatengana na mwenzake Barnaba, na ambaye sasa anatajwa kuwa anafaa kwa utumishi.

Wataalamu wengi wa leo huona kwamba waraka huu uliandikwa na mfuasi wa Paulo baada ya kifo chake, ilhali wengine hulichukua joho hilo kuwa dalili ya mkono wa Paulo mwenyewe, kwa kuwa jambo dogo kama hilo si rahisi kubuniwa. Hoja yao ina uzito, ingawa peke yake haitoshi kuumaliza mjadala.