Si Kila Moto Huzimwa kwa Maji

Hotuba kwa wakazi wa Busiu na vijiji jirani



Tunayo desturi njema tuliyorithi kwa wazee. Moto ukizuka kwa jirani, hatuulizi ni wa kabila gani. Kila mmoja hushika ndoo na kukimbia. Sikuja kuivunja desturi hiyo. Nimekuja kuwaeleza kwamba kuna mizigo ambayo ndoo ya maji huigeuza kuwa balaa, na kwamba mizigo ya namna hiyo inaweza kupita mbele ya milango yetu. Barabara itokayo Tororo kwenda Mbale hubeba malori yanayoingia kwa mipaka ya Malaba na Busia, yakielekea Soroti, Lira, hata Sudan Kusini.

Tuanze na vitu mnavyovifahamu. Mafundi wa kuchomelea vyuma hutumia kabaidi, yale mawe ya kijivu. Yakiguswa na maji hutoa gesi ya asetilini, ambayo cheche moja tu hutosha kuiwasha. Wafanyabiashara wa mahindi na maharagwe hutumia vidonge vya kufukizia nafaka. Vidonge hivyo vikipata unyevu, hata ule wa hewani, hutoa fosfini, gesi yenye sumu kali ambayo pia huweza kushika moto. Mara nyingi hunuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza; lakini kukosa harufu si dalili ya usalama. Viwanda vya nguo navyo hutumia unga mweupe wa kupaushia uitwao sodiamu ditionaiti. Unga huo ukilowa kidogo hujipasha joto wenyewe mpaka ukaungua, na moshi wake hukaba pumzi.

Neno hilo, kujipasha joto, lataka maelezo. Kuna vitu visivyohitaji kiberiti. Vikirundikwa mahali pasipopita hewa ya kutosha, joto huzaliwa ndani yake na kukosa pa kutokea, likajilimbikiza mpaka moto ukazuka. Mjini Tianjin, China, tarehe 12 Agosti 2015, uchunguzi wa serikali ulithibitisha kwamba moto ulianzia katika kemikali ya namna hiyo iliyokauka ndani ya kontena. Moto ukaenea hadi kwenye kemikali nyingine, na milipuko iliyofuata iliua watu 165. Wengine 8 hawakuonekana tena. Wengi wa waliokufa walikuwa wazima moto waliokwenda kuokoa. Ikiwa wenye mavazi maalumu waliangamia, raia mwenye ndoo atasalimikaje?

Basi, lori likipinduka, litazameni kwanza kwa mbali. Kibandiko cha pembe nne kilichosimama kwa ncha, cha rangi ya buluu chenye mwali wa moto, humaanisha: hatari kikipata maji. Kile cheupe juu na chekundu chini humaanisha: huweza kuwaka chenyewe. Penye kibao cha rangi ya machungwa, herufi X iliyotangulia tarakimu za juu hukataza maji. Tarakimu nne za chini hutaja mzigo wenyewe. 1402, kwa mfano, ni kabaidi. Msipoona alama yoyote, msidhani kwamba mzigo ni salama.

Kaeni mbali, angalau mita 50 kila upande, na zaidi kukiwa na moshi au harufu. Simameni upande upepo unakotoka, wala msikae bondeni. Msivute sigara, msiwashe pikipiki karibu na hapo, msiguse kilichomwagika. Msimwage maji wala kutupa udongo wenye unyevu. Pigeni simu 999 au 112. Nambari hizo hutumika pia kwa jirani zetu wa Kenya. Nchini Uganda zimamoto ni sehemu ya Jeshi la Polisi, kwa hiyo ujumbe wenu hautapotea njia. Semeni mahali, rangi ya kibandiko, tarakimu mlizoziona, na upepo unaelekea wapi.

Aliyerukiwa na unga au vipande vyake apanguse kwanza kwa kitambaa kikavu, avue nguo zilizochafuka, kisha ndipo aoshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20. Hapo maji ni dawa, kwa sababu ni mengi na yanaondoa. Aliyevuta gesi apelekwe penye hewa safi, kisha hospitalini, hata akisema amepata nafuu.

Wenye maduka na maghala, kumbukeni mafuriko ya Mbale ya mwisho wa Julai 2022, yaliyoua watu zaidi ya 20. Siku kama ile maji hayangoji kuletwa na mtu, huingia yenyewe. Wekeni bidhaa hizi juu, mahali pakavu penye hewa, ndani ya vyombo vyake vya asili vilivyofungwa, na kamwe si katika chumba wanacholala watu.

Limebaki neno zito. Mzigo upitao njia za panya hufika bila karatasi wala kibandiko, na mwenye nao huogopa kusema. Lakini saa ya moto, swali la kwanza la mzima moto si ushuru umelipwa wapi. Swali lake ni: nini kinaungua? Akidanganywa, atafungua maji, na atakayedhurika huenda akawa yeye, au mtoto wa jirani, au mwenye mzigo mwenyewe. Anayejua na aseme.

Tunakumbuka Namungoona, Kampala, Juni 2013: lori la mafuta liliwaka, na zaidi ya watu 30 wakafa, wengi wao wakiwa wamekwenda kuchota petroli. Pale watu walivutwa na tamaa. Hapa wanaweza kuvutwa na huruma, nayo ikawaua vilevile. Huruma ya kweli siku hiyo ni kuwazuia watoto, kuifunga barabara kwa mbali, na kupiga simu mapema. Tahadhari kabla ya hatari.