Kirusi kwa Sikio na Picha

Kirusi huanza na herufi 33, na kijana wa Ntimaru mwenye simu anaweza kuzizoea kabla hajafungua kitabu cha sarufi. A, K, M, O na T anazifahamu tayari. Zenye hila ni zile za sura ya zamani na sauti mpya: B husomwa v, H ikawa n, P ikawa r, C ikawa s. Video inayoonyesha neno huku likitamkwa huondoa hila hiyo upesi kuliko jedwali la kukariri.

Sikio nalo lina kazi. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Wa Kirusi huhamahama, na o isiyo na mkazo husikika kama a. Mrusi huandika Moskva, akatamka Maskva.

Katika sarufi, Mswahili ana nafuu. “Mimi mwanafunzi” ni sentensi kamili kule kama huku, na aliyezoea ngeli hatishwi na jinsia tatu za nomino. Kinachotesa ni nomino kubadili mwisho wake kulingana na kazi yake katika sentensi, kwa hali 6. Hilo halina njia ya mkato.

Wakenya waliosaidiwa na Oginga Odinga kwenda Urusi ya Kisovieti miaka ya 1960 walipita humo humo. Katika chuo kikuu kilichofunguliwa Moscow mwaka 1960, kikapewa jina la Lumumba mwaka uliofuata, mgeni alisomeshwa kwanza Kirusi, ndipo aingie kwenye udaktari au uhandisi. Urafiki wa enzi hiyo ndio uliojenga hospitali ya Kisumu ambayo watu wa Nyanza huiita “Russia”.

Adabu hufunzwa pamoja na lugha. Mwalimu huitwa kwa jina lake na la babake: Ivan mwana wa Pyotr ni Ivan Petrovich, na kumwita Ivan tu ni utovu wa heshima.

Kwa anayeanza, nyimbo za mapenzi ni ngumu mno, hata zikiwa tamu. Katuni ya “Nu, pogodi!”, iliyoanza mwaka 1969, inafaa zaidi: mbwa mwitu anamwinda sungura, vitendo vingi, maneno machache. Kipindi kimoja ni kama dakika 10, hakimalizi bando. Kirudiwe: kwanza kwa picha, kisha kwa sauti tupu, mwisho maneno yaandikwe kwa mkono.