Mzinga wa Dar, Mzinga wa Nairobi

Msikilizaji, kijana wa Dar es Salaam akikwambia jana kapigwa mzinga na rafiki yake, usihangaike kumtafutia dawa ya uvimbe. Ameombwa hela, basi. Maneno hayo hayo mpelekee kijana wa Nairobi, atataka kujua kama kashonwa nyuzi, maana kwake mzinga ni chupa kubwa ya pombe kali, ile ya mililita 750. Na mzee wa Tabora, asiye na habari na huyu wala na yule, atauliza kama nyuki walikuwemo.

Wote watatu wanazungumza Kiswahili, na hakuna aliyemwelewa mwenzake.

Leo nazungumzia misimu. Waliosoma sekondari hapa Tanzania watakumbuka tulivyokaririshwa darasani kwamba misimu iko ya aina tatu: misimu ya pekee, misimu ya kitarafa na misimu zagao. Ya pekee ni ya kundi dogo, wanafunzi kwa mfano, au makonda. Ya kitarafa ni ya eneo fulani. Zagao imeenea nchi nzima. Tulikariri, tukajibu mtihani, tukasahau. Siku hizi somo lile naliheshimu kuliko nilivyoliheshimu nikiwa na sare, ila nina ugomvi nalo mmoja: linachukulia kwamba tarafa ni kitu cha kwenye ramani.

Itazame Arusha hii ninayozungumza nikiwa ndani yake. Kijana wa Ngarenaro au wa Unga Limited ni chalii, wenzake ni machalii, na mji wenyewe ni Chuga. Nenda Dar ukamwite mtu chalii katikati ya Kariakoo. Atakuelewa, lakini hapo hapo atajua umeteremka kwenye basi la kutoka wapi. Wao wana mshkaji, wana mchizi, wana mwana, wana msela. Sasa geuka, vuka Namanga, fika Nairobi, umsikilize msichana akimsimulia shoga yake habari za chali wake. Chali wa kule na chalii wa huku ni wa ukoo mmoja. Kutoka hapa hadi Nairobi ni kama kilomita 270, na kutoka hapa hadi Dar ni zaidi ya 600. Neno limefuata njia fupi, wanakopita madereva wa malori, wauza mitumba na vijana wenye kanda za muziki, na pale mpakani halikugongewa muhuri.

Lakini mpaka ule ule ambao chalii aliupita kama hauoni umeyapasua maneno mengine vipande viwili. Nairobi wakisema tamasha lilibamba, watu walifurahi. Huku kwetu aliyebambwa hana furaha yoyote, kakamatwa. Au lichukue neno manamba. Wazee wa Tanga na Morogoro wanalijua kwa uchungu: ni kibarua wa shamba la mkonge, aliyesombwa kutoka mkoa wa mbali wakati wa ukoloni na kuandikishwa kwa namba. Kenya, manamba ni kijana anayening'inia kwenye mlango wa matatu akiita abiria. Huyo sisi tunamwita mpigadebe. Mjukuu wa manamba wa Korogwe akienda Nairobi na kupakiwa garini na manamba wa Eastlands, neno moja limebeba karne nzima ya vibarua bila mmoja wao kujua.

Kwenye pesa ndiko misimu inakonoga hasa, nadhani kwa sababu pesa ndiyo tunayoitaja kila siku na ndiyo tusiyotaka jirani asikie tukiitaja. Anza na magari yenyewe. Daladala imetokana na dala, jina la mtaani la sarafu ya shilingi tano, ambayo ndiyo ilikuwa nauli mabasi ya watu binafsi yalipoanza kuruhusiwa Dar mwanzoni mwa miaka ya 1980. Matatu ya Nairobi nayo inatajwa kuwa imetokana na senti 30, sarafu tatu za senti kumi kumi. Miji miwili, isiyopendana sana kwenye mpira wala kwenye biashara, imeyabatiza magari yake kwa nauli. Nauli zile zimekufa zamani, majina yamebaki, na leo mamlaka ya usafiri inatangaza bei mpya za daladala kwa uso mkavu, kana kwamba neno hilo halikuzaliwa mdomoni mwa konda.

Dar, shilingi 500 ni jero na elfu moja ni buku. Elfu kumi ni msimbazi, kwa kuwa noti ni nyekundu na mtaa wa Msimbazi pale Kariakoo ndiko yaliko makao ya klabu ya Simba. Sijawahi kumwona shabiki wa Yanga akiikataa kwa sababu hiyo. Nairobi, shilingi 20 ni mbao, 50 ni finje, 100 ni soo, na elfu ni ngiri, neno linalotoka kwenye hesabu za Kikuyu. Mnairobi akijisifu mbele ya Mtanzania kwamba ana ngiri tano, atapewa pole na kuelekezwa hospitali ya kufanyiwa upasuaji.

Wakenya wa umri wangu walikuwa pia na jirongo, noti ya 500. Jina ni la Cyrus Jirongo, aliyeongoza kundi la vijana la YK'92 lililompigia kampeni Rais Moi kwenye uchaguzi wa 1992, na noti hizo zilizagaa kipindi hicho mpaka zikaitwa kwa jina lake. Kijana wa Nairobi aliyezaliwa baada ya 2000 ukimwambia akukopeshe jirongo mbili atakukodolea macho. Hapa haukuwepo mpaka wa nchi wala wa mkoa. Mzazi na mtoto wanakula meza moja, na kati yao kuna mpaka ambao hauvukwi kwa pasi wala kwa nauli, maana mmoja alikuwepo mwaka ule na mwingine hakuwepo.

Huku kwetu, baadaye kidogo, tulikuwa na pedeshee, mwanamume wa kumwaga pesa kumbini. Huyo alitujia kutoka Kongo. PDG ni herufi za Kifaransa za cheo cha mkurugenzi mkuu, na wanamuziki wa Kikongo walizoea kuwataja matajiri kwa majina na vyeo katikati ya nyimbo. Sikio la Dar likazipokea herufi tatu, likatengeneza mtu.

Niingie kwenye misimu ya pekee, ya kundi, kwa sababu ndiyo inayoeleza mengine yote. Mwulize mwanafunzi yeyote wa chuo kikuu Tanzania: bumu ni fedha ya mkopo ikishaingia, kudesa ni kunakili kazi au kuishi kwa madesa, yaani maandishi ya masomo, ya wenzako, na kudisko hakuna uhusiano wowote na dansi. Aliyedisko amefukuzwa masomo kwa kufeli. Kuna mzazi aliyewahi kutabasamu akisikia mwanawe kadisko? Bila shaka yupo, na neno lilikuwepo kwa ajili hiyo. Kenya, karatasi ya kuibia mtihani inaitwa mwakenya. Mwakenya lilikuwa vuguvugu la siri la kupinga serikali miaka ya 1980, lililopitisha vijikaratasi kwa kificho, na watu wakafungwa kwa kushukiwa tu kuwa nalo. Wanafunzi wakaona mwenendo unafanana: karatasi ndogo, hofu kubwa, adhabu ukikutwa nayo. Mzaha wa darasani umehifadhi jambo ambalo kwa muda mrefu halikuzungumzwa hadharani.

Kwenye makundi haya, kueleweka na kila mtu ni hasara. Polisi wa Nairobi ameitwa karao, akaitwa sanse, na ataitwa jingine, kwa kuwa siku yeye mwenyewe akilielewa, neno halina kazi tena. Mtaa wa Dandora hautaki kusikika kama wa Buruburu. Ndani ya Dandora, kijiwe kimoja, au base kama wanavyosema kule, kina neno ambalo cha pili hakina. Ndiyo maana ukirudi mtaani ulikokulia baada ya miaka miwili mitatu, unacheka sekunde moja baada ya wenzako. Wamekusubiri, wamekuona, wamejua wewe ni mgeni.

Kwa hiyo nikisikia kila msimu wa matokeo ya mitihani kwamba Sheng, lugha hii ya mitaa ya Nairobi, imeua Kiswahili cha watoto wa Kenya, nataka kuuliza nani aliwafundisha kile kingine, kwa saa ngapi kwa wiki, kwa vitabu gani. Mtoto anayebadili neno kila miezi michache ili mama yake asimwelewe si mtoto mwenye uhaba wa lugha. Ana ufundi ambao mwalimu wake hajautumia. Nakubali kwamba barua ya kuomba kazi haiandikwi kwa Sheng. Wala haiandikwi kwa mashairi ya Lamu, na hakuna anayeyalaumu mashairi.

Lawama yangu naielekeza kwingine, na kwa sehemu naielekeza kwenye kipaza sauti hiki. Msimu wa pekee ukipendwa huwa wa kitarafa, wa kitarafa ukipendwa huzagaa. Somo la shule lilisema hivyo kama vile ni kupanda daraja. Kwa aliyelitunga neno, kuzagaa ni kunyang'anywa. Nairobi kuna Ghetto Radio, inayotangaza kwa Sheng, na kuna jarida la katuni la Shujaaz, lililoanza 2010 likigawiwa bure ndani ya gazeti la Daily Nation. Zote nazipenda. Lakini jarida la kusomwa na Kenya nzima litatumia Sheng ya nani? Lazima litafute maneno ambayo Kakamega na Kilifi watayaelewa, na neno la base moja ya Kayole litabaki nje. Sisi watangazaji tunafanya hivyo hivyo. Tunalisikia neno kwa bodaboda asubuhi, jioni tunalisema hewani ili tuonekane wa kisasa, na kesho yake bodaboda analiacha.

Wenye matangazo ya biashara ni wabaya zaidi, na wanasiasa wanawapita. Hasla lilikuwa neno la mtu anayejikimu kwa vibarua na ujanja wa halali, likatamkwa kwa fahari na kwa uchovu kwa pamoja. Likaingia kwenye kampeni ya William Ruto huko Kenya, likashinda uchaguzi wa 2022, na Novemba mwaka huo huo likawa jina la mfuko wa mikopo wa serikali. Leo mtu akijiita hasla, wanaomsikia wanajiuliza kwanza alimpigia nani kura. Neno limepata ofisi, dereva na msemaji. Vijana lililotoka kwao wameshahamia kwingine.

Yapo pia yanayojiendea yenyewe, bila redio wala waziri. Msela ni mfano ninaoupenda. Wengi wanalirudisha kwa neno la Kiingereza la mtu anayefanya kazi melini, neno la bandari ya Dar, la vijana waliozubaa gatini wakiota kuzamia. Likavalishwa kiambishi chetu, likaoa, likazaa usela na kisela, likazeeka. Halafu mwishoni mwa miaka ya 2010, bila kikao cha baraza la lugha wala onyo la mwalimu, mitaa ya Tanzania ikaanza kumwita mwanamume mjanja wa mjini baharia. Yule yule msela, safari hii kwa Kiswahili ambacho mtahini yeyote angekipigia vema.